Maisha ya Bwanga Tshimen, Beki wa Lubumbashi

Ndugu wasomaji, katika kijitabu cha ukumbusho ni desturi kuwatanguliza masheikh waliotufundisha, wazee waliotutangulia, na wote waliotoa jasho na mali zao ili jumuiya ipate kusimama. Hivyo ndivyo ipasavyo. Hata hivyo si vibaya kuwatengea vijana kurasa chache. Kila siku baada ya sala ya alasiri twawaona wakifukuza mpira mchangani kando ya ziwa, na kila mmoja wao ataka kuwa mfungaji. Ukiuliza nani atakuwa beki, wote hutazama chini, na mwisho kazi hiyo hupewa yule aliyechelewa kufika. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwaeleza habari za mtu aliyekuwa beki maisha yake yote ya mchezo, na kwa ubeki wake akapewa heshima ambayo hakuna beki wa Afrika aliyepata kuifikia kabla yake. Mtu huyo ni Bwanga Tshimen wa klabu ya Englebert, ambayo siku hizi yaitwa Mazembe, ya mjini Lubumbashi.

Bwanga hakuwa mtu wa Chienge wala wa Nchelenge, wala hatudai kuwa alikuwa mmoja wa jumuiya yetu. Lakini ziwa Mweru halijapata kuwa ukuta. Sisi tuna kisiwa chetu cha Kilwa, na ng'ambo ya Kongo uko mji uitwao Kilwa, na kila atajaye jina hilo hukumbuka pwani walikotoka wafanya biashara waliofika nchi hizi katika karne ya 19 na lugha yao ya Kiswahili. Samaki wa ziwa hili na wa mto Luapula walipelekwa kwa wingi Elisabethville kwa njia ya Kasenga, ili wale wachimbao shaba wapate kitoweo. Vijana wa upande wetu walikwenda huko kutafuta kazi, wakaoa, wakazaa. Na vita vilipoivuruga Kongo kuanzia mwaka 1998, watu wa Pweto walivuka mpaka kuja kwetu, wakapokewa. Basi habari za Lubumbashi si habari za ugenini.

KUZALIWA KWAKE NA ZAMA ZAKE

Bwanga alizaliwa tarehe 4 Januari 1949, wakati Kongo ilipokuwa bado chini ya utawala wa Wabelgiji, akapewa jina la Kikristo la Raymond. Jina hilo halikudumu. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru raia wote waache majina ya kigeni na kutumia ya asili, na tangu hapo ulimwengu ukamjua kwa jina la Bwanga Tshimen tu.

Utoto wake uliangukia katika miaka migumu. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na kabla ya wiki mbili kupita, jimbo la Katanga lilijitangaza kuwa nchi ya peke yake. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaja, mji wa Elisabethville ukapigwa vita, na mtengano huo haukukoma hadi Januari 1963. Mtoto aliyekuwa na miaka 11 mambo yalipoanza alikuwa na miaka 14 yalipokwisha. Katika nchi iliyokuwa imepasuka namna ile, mpira wa miguu ulikuwa miongoni mwa vitu vichache vilivyoweza kuwakusanya watu uwanjani pasipo kuulizana kabila wala upande.

KLABU YAKE

Klabu ya Bwanga ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri wa shirika la Wabenediktini mjini Elisabethville, kwa ajili ya vijana wa shule zao. Kwanza iliitwa Saint-Georges, kisha ikabadilishwa jina, na hatimaye ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya mipira ya magari iliyoifadhili. Baadaye, ilipomaliza msimu bila kushindwa, iliongezewa kwa Kifaransa jina la Tout Puissant, maana yake Mwenye Nguvu Zote. Sisi twaona jina hilo halimfai kiumbe, lakini twalieleza kama lilivyo, maana ndilo lijulikanalo. Washabiki wake huwaita wachezaji Kunguru, na mahasimu wao wa tangu zamani ni Lupopo wa mji ule ule.

Ilikuwa klabu ya kutisha. Mwaka 1967 ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika, na mwaka 1968 ikalitwaa tena, ikiwa klabu ya kwanza kulishika kombe hilo mara mbili mfululizo. Miaka 36 ilipita kabla ya klabu nyingine, Enyimba ya Nigeria, kulitwaa mara mbili mfululizo, mwaka 2003 na 2004. Englebert ilifika fainali mwaka 1969 ikashindwa na Ismaily ya Misri, ikafika tena mwaka 1970 ikashindwa na Asante Kotoko ya Ghana. Fainali nne kwa miaka minne! Katika nyumba ya namna hiyo ndimo Bwanga alimokulia kimchezo. Kijana aliyetaka nafasi pale ilimpasa kuipigania kila siku ya mazoezi, mbele ya mabingwa wa bara zima.

KAZI YA BEKI

Yafaa tueleze kidogo kazi aliyoifanya, kwa maana watu wengi hutazama mpira wakimfuata aliye nao, na beki hufanya sehemu kubwa ya kazi yake pale ambapo mpira haujafika.

Bwanga alikuwa beki wa kati. Siku zile timu nyingi ziliweka mabeki wawili katikati: mmoja wa kumkabili fowadi wa adui kifua kwa kifua, na mwingine wa kusimama nyuma kidogo, akiusoma mchezo, akiziba pengo lolote liliofunguka, na kuutoa mpira kwa utulivu ili timu yake ianze kushambulia. Huyu wa pili hahitaji ubavu peke yake. Yampasa aone hatari kabla haijawa hatari. Mtu aliyeipa kazi hiyo sifa duniani alikuwa Franz Beckenbauer, nahodha wa Ujerumani ya Magharibi, na kwa kuwa Bwanga alicheza kwa utulivu na akili za namna ile, watu walimpa lakabu ya Beckenbauer Mweusi. Wengine wataona ni ajabu kumpima mtu kwa kipimo cha mwenziwe, lakini enzi hizo hiyo ilikuwa ndiyo sifa kubwa kuliko zote apewayo beki.

Tena hakuwa peke yake. Katika timu ya taifa, mlinda lango Kazadi, beki wa kulia Mwepu Ilunga, na beki wa kushoto Mwanza Mukombo walikuwa wenzake wa klabu moja. Lobilo Boba peke yake, aliyesimama naye katikati, alitoka Vita Club ya Kinshasa. Kwa hiyo ngome ya taifa zima ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ngome ya Lubumbashi. Watu waliozoeana hawahitaji kuitana. Kila mmoja hujua mwenzake atasimama wapi.

MWAKA 1973

Mwaka 1973 ndio uliomtukuza. Kongo, ambayo tangu Oktoba 1971 iliitwa Zaire, ilikuwa ikitafuta nafasi ya kwenda kwenye Kombe la Dunia. Afrika nzima ilipewa nafasi moja tu. Zaire iliwaondoa Togo, Kameruni na Ghana, ikaingia katika kundi la mwisho la nchi tatu: yenyewe, Morocco, na nchi yetu ya Zambia.

Sisi wa ufuko huu hatuna budi kuyaeleza haya kwa ukweli, ingawa yanauma. Zambia ilianza kwa kishindo, ikaifunga Morocco mabao 4 kwa 0 mjini Lusaka mwezi Oktoba. Watu wakaanza kuiota safari ya Ulaya. Kisha, tarehe 4 Novemba, Zaire ikaja Lusaka. Wafungaji wale wale walioifanya Morocco ilie hawakupata hata bao moja. Zaire ikashinda 2 kwa 0. Wiki mbili baadaye, mjini Kinshasa, Zambia ilipata bao moja ikafungwa mawili. Mwezi Desemba Morocco ikafungwa 3 kwa 0 mjini Kinshasa, ikasusa mechi ya marudiano. Katika mechi tatu zilizochezwa za kundi lile, ngome ya Zaire iliruhusu bao moja peke yake. Wafungaji wa Zaire walishangiliwa mitaani, lakini mwenye kujua mpira atatazama hesabu hiyo na kuelewa safari ile ilijengwa juu ya nini. Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia.

Mwisho wa mwaka ule gazeti la Ufaransa liitwalo France Football lilitoa tuzo yake ya mchezaji bora wa Afrika. Tuzo hiyo ilianza mwaka 1970, na wa kwanza kuipata alikuwa Salif Keita wa Mali, mfungaji mashuhuri. Mwaka 1973 ikampata Bwanga Tshimen. Alikuwa Mzaire wa kwanza kuipata, na beki wa kwanza.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hilo, na atazame miaka iliyofuata. Tuzo ya mchezaji bora wa Afrika, ilipokuwa mikononi mwa gazeti lile na ilipohamia kwa Shirikisho la Mpira la Afrika, ilikwenda kwa wafungaji, kwa viungo, na hata kwa walinda lango. Beki mwingine hakuipata mpaka Novemba 2025, alipopewa Achraf Hakimi wa Morocco mjini Rabat. Kati ya beki yule na beki huyu imepita miaka 52.

CAIRO

Mwezi Machi 1974 mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yalifanyika Misri. Zaire haikuanza vizuri sana. Katika kundi lake ilifungwa na majirani wa Kongo-Brazzaville. Katika nusu fainali ilikutana na wenyeji Misri, ikatanguliwa kwa mabao mawili mbele ya umati wa Cairo. Wengi wangekata tamaa. Zaire haikukata, ikarudisha yote mawili, ikaongeza la tatu.

Na nani aliyewasubiri katika fainali? Zambia tena. Tarehe 12 Machi timu hizo zilikwenda sare ya 2 kwa 2 hata baada ya muda wa nyongeza, Zambia ikisawazisha katika dakika ya mwisho kabisa. Kwa kuwa siku hizo mikwaju ya penalti haikuwa imewekwa kuamua fainali hiyo, ilibidi mechi irudiwe baada ya siku mbili. Safari hii Zaire ilishinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya fainali hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba, aliyefikisha mabao tisa katika mashindano yale. Baina ya Novemba na Machi, Zambia na Zaire zilikutana mara nne, na Zambia haikushinda hata mara moja. Hapana ubaya kumsifu aliyekushinda kwa haki. Hiyo nayo ni adabu ya mchezo.

UJERUMANI YA MAGHARIBI

Sasa twafikia sehemu iliyo chungu. Zaire ilikwenda Kombe la Dunia mwezi Juni 1974 chini ya mwalimu Blagoje Vidinić, raia wa Yugoslavia. Ilipangwa pamoja na Scotland, Yugoslavia na Brazil. Bwanga alicheza mechi zote tatu.

Ya kwanza ilikuwa tarehe 14 Juni mjini Dortmund. Scotland ilipata mabao mawili katika kipindi cha kwanza, na katika kipindi cha pili haikupata tena. Scotland ilidhani matokeo hayo yatoshe. Hesabu ya mwisho ya kundi ilionyesha kuwa hayakutosha: Yugoslavia, Brazil na Scotland walilingana pointi, na Scotland ikarudi nyumbani bila kushindwa hata mechi moja, kwa upungufu wa mabao tu.

Kabla ya mechi ya pili mambo yaliharibika. Wachezaji wenyewe walisimulia miaka ya baadaye kuwa waligundua posho zao hazitawafikia, zimeishia mikononi mwa wakubwa waliosafiri nao, na kwamba walitaka kususia mechi. Walicheza, lakini mioyo haikuwapo. Tarehe 18 Juni mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia iliwafunga mabao 9 kwa 0, sita kati ya hayo katika kipindi cha kwanza. Mlinda lango Kazadi alitolewa mapema, mabao matatu yakiwa yamekwisha kuingia. Ndaye alifukuzwa uwanjani kwa kosa ambalo si yeye aliyelitenda. Kwa beki hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Na huyu alikuwa beki aliyetajwa kuwa mchezaji bora wa bara zima miezi michache tu iliyopita.

Kisha ikaja Brazil, mabingwa wa dunia, tarehe 22 Juni. Mwepu Ilunga alisimulia baadaye kuwa watu wa Mobutu waliwaonya kwamba wakifungwa zaidi ya mabao matatu wasitazamie kurudi kwao salama. Fikirini, ndugu zangu, beki asimamaye mbele ya Jairzinho na Rivelino na onyo la namna hiyo kichwani! Brazil ilihitaji mabao matatu ili isonge mbele. Ilikwenda mapumziko na moja. La tatu halikupatikana ila katika dakika ya 79, na la nne halikuwapo. Watu wa Ulaya walicheka sana kumwona Mwepu akitoka katika ukuta na kuubutua mpira wa adhabu kabla Mbrazil hajaupiga. Miaka mingi walidhani hakujua sheria za mpira. Mwepu mwenyewe alisema alizijua vyema, na waliosikia habari za posho na vitisho hawacheki tena.

BAADA YA HAPO

Waliporudi hapakuwa na ngoma za kuwapokea. Mobutu, aliyewapa nyumba na magari walipopata nafasi ya kwenda Ujerumani, aliupa mchezo kisogo. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza kwao na kwa ajili ya kwao, wakasahauliwa mapema. Serikali haikuwaruhusu wachezaji kwenda Ulaya kujitafutia riziki kwa miguu yao, wala haikuwawekea njia ya kuishi nyumbani miguu ilipochoka. Ndaye Mulamba alipigwa risasi na waporaji katika miaka ya 1990, akaishi ukimbizini Afrika Kusini, akafariki huko mwaka 2019. Kazadi alifariki mwaka 1996, na Mwepu mwaka 2015.

Bwanga Tshimen alitangulia. Alifariki mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 42 tu. Ulikuwa mwaka wa dhiki katika Zaire. Askari wasiolipwa mishahara waliasi na kupora miji, na fedha ya nchi haikuwa na thamani. Katika zama kama hizo kifo cha mchezaji wa zamani hakitazamwi na wengi. Klabu yake ilipata kuinuka tena. Ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, mjini Abu Dhabi, ikafungwa na Inter ya Italia. Yeye hakuyaona hayo, lakini jina waliloliheshimu watu wa ulimwengu siku ile lilianza kujengwa na kizazi chake.

MAFUNZO

Tumeyaandika haya si kwa kuwapumbaza vijana na mchezo. Mpira una wakati wake, na sala na masomo na kazi vina wakati wao. Tumeyaandika kwa sababu mbili.

Ya kwanza, ni kuwa kazi ya kuzuia ni kazi. Mvuvi hushangiliwa akirudi na mtumbwi uliojaa. Aliyeziba tundu la mtumbwi jana usiku hashangiliwi, ilhali bila yeye samaki na mvuvi wote wangekuwa chini ya maji. Katika jumuiya yetu pia wako wenye kusema mbele za watu, na wako wenye kufunga milango, kutunza hesabu, kupatanisha waliogombana kabla ugomvi haujasikika. Hao ndio mabeki wetu. Wao hukumbukwa siku wanapokosea, na kazi yao njema ya miaka mingi haitajwi.

Ya pili, ni kuwa mtu asihukumiwe kwa siku yake mbaya peke yake. Mtu akitaja Zaire ya 1974, wengi husema mabao tisa. Ni kweli yalikuwa tisa. Lakini ni kweli pia kwamba ngome ile ile iliruhusu bao moja tu katika mechi tatu zilizoamua tikiti ya Afrika, na kwamba aliyesimama katikati yake alistahili sifa aliyopewa. Tumefundishwa kuwa asiyewashukuru waja hajamshukuru Muumba wao, na shukrani haina budi kumfikia mtu kungali na mapema, akiwa na nguvu za kuisikia. Bwanga imemchelewea. Isiwachelewee waliomo miongoni mwetu.

Kesho alasiri, mchangani, atakapoulizwa nani awe beki, na atokee kijana mmoja aseme kuwa ni yeye. Mwenyezi Mungu awabariki vijana wetu wa pande zote mbili za ziwa, Amin.